Dawa ya deni: jinsi madeni ya vita yalivyozaa vyama vya kwanza vya siasa Marekani

Dawa ya deni ni kulipa, na mwaka 1790 hakuna mwanasiasa mkubwa wa Marekani aliyepinga hilo hadharani. Ugomvi ulikuwa juu ya yale ambayo methali inayanyamazia: alipwe nani, alipwe kiasi gani, na fedha zitoke mfukoni mwa nani. Katika ugomvi huo ndimo vilimozaliwa vyama viwili vya kwanza vya nchi ile, Wafederalisti wa Alexander Hamilton na Warepublikani wa Thomas Jefferson na James Madison.

Simulizi iliyozoeleka humweka Hamilton upande wa serikali kuu yenye nguvu na Jefferson upande wa majimbo na wakulima, kisha huishia hapo. Falsafa hizo zilikuwepo, na wenyewe waliziamini kwa dhati. Lakini kilichowagawa kwanza ni hesabu. Mpango wa fedha wa Hamilton ulifanya kazi kama saa ya ukutani: kila gurudumu lilizungusha jingine. Kwa hiyo aliyepinga gurudumu moja alijikuta, baada ya miezi michache, hana budi kulipinga la pili na la tatu. Watu waliojikuta katika hali hiyo pamoja, kura baada ya kura, ndio waliogeuka kuwa chama.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 haitaji vyama kabisa, na walioiandika waliviona vyama kuwa ugonjwa wa jamhuri. Mwaka 1788 neno "Mfederalisti" lilimaanisha tu mtu anayeunga mkono Katiba hiyo ipitishwe. Madison alikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele: yeye, Hamilton na John Jay waligawana kuandika makala 85 za kuitetea. Neno lilibadilika maana baadaye, likawa jina la wafuasi wa sera za Hamilton. Nao Warepublikani wa Jefferson si chama cha Republican cha leo, kilichoanzishwa mwaka 1854. Wanahistoria huwaita kwa jina la mseto, Wademokrasia-Warepublikani, ili wasichanganywe. Wao wenyewe kwa kawaida walijiita Warepublikani tu.

Daftari la madeni

Wakati wa vita vya uhuru, Bunge lililoyaunganisha makoloni halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Liliyaomba majimbo, na majimbo yalitoa kidogo au hayakutoa kitu. Likachapa noti kwa wingi hadi, mwaka 1780, lenyewe likakubali kuhesabu dola 40 za noti sawa na dola moja ya fedha. Askari waliomaliza utumishi, wakulima waliotoa ng'ombe na nafaka, na mafundi waliotengeneza mabehewa walipewa vyeti vya madai, yaani karatasi zenye ahadi ya kulipwa siku moja. Miaka ikapita bila riba wala mtaji. Mwenye cheti aliyebanwa na maisha alikiuza kwa bei aliyopewa, na katika miaka ya 1780 bei hiyo ilishuka hadi senti 20 kwa kila dola, wakati mwingine chini ya hapo.

Katiba mpya ilileta uwezo wa kutoza kodi. Sheria ya ushuru wa forodha ilitiwa saini Julai 4, 1789, na bidhaa nyingi kutoka nje ziliwekewa asilimia 5. Septemba mwaka huo Rais George Washington alimteua Hamilton kuwa Waziri wa Fedha, na Januari 1790 Hamilton akaliwasilishia Bunge taarifa yake ya kwanza.

Tarakimu zake zilikuwa nzito. Deni la nje, hasa kwa Ufaransa na Uholanzi, lilikuwa dola milioni 11.7. Deni la ndani lilikuwa takriban milioni 42.4, na kati yake milioni 13 hivi zilikuwa riba iliyolimbikizwa. Madeni ya majimbo yenyewe aliyakadiria kuwa milioni 25. Jumla ikakaribia milioni 79. Kwa viwango vya riba vilivyokwisha kuahidiwa, serikali ingehitaji takriban milioni 4.6 kila mwaka kwa riba peke yake, na chanzo chake cha maana cha mapato kilikuwa kimoja tu, forodha. Mapato yote, tangu serikali ilipoanza hadi mwisho wa 1791, yalikuwa kama milioni 4.4.

Basi Hamilton hakupendekeza kulipa deni lote likaisha. Alipendekeza kulipanga upya: vyeti vya zamani virudishwe, mwenye navyo apewe hatifungani mpya, yaani hati za mkopo wa serikali, zenye riba ndogo kidogo lakini ya uhakika, inayolipwa kila robo mwaka. Sheria ikapita Agosti 4, 1790.

Tuipitie kwa mfano. Mtu ana cheti cha dola 90, na riba ya asilimia 6 haijalipwa kwa miaka mitano, yaani dola 27. Chini ya sheria mpya, theluthi mbili ya mtaji, dola 60, inageuzwa kuwa hatifungani ya asilimia 6 inayoanza kulipa mara moja. Theluthi iliyobaki, dola 30, inakuwa hatifungani ya asilimia 6 ambayo haitalipa chochote hadi mwaka 1801. Zile dola 27 za riba zinakuwa hatifungani ya asilimia 3. Kwa mwaka anapokea dola 3.60 na senti 81, jumla dola 4.41, badala ya dola 5.40 alizoahidiwa awali. Amepunjwa kidogo, lakini sasa analipwa kweli.

Sasa mtazame mtu mwingine, mlanguzi wa New York aliyekinunua cheti hichohicho kwa askari kwa senti 20 kwa dola. Alitoa dola 18. Anapata dola 4.41 kila mwaka, karibu robo ya alichotoa, na mtaji wote wa dola 90 bado ni wake. Askari aliyepigana vita, aliyekuwa mwenye cheti hicho wa kwanza, hapati hata senti. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Habari za mpango zilikuwa zimevuja, na mbunge James Jackson wa Georgia alilalamika bungeni kwamba merikebu tatu zilikwisha ng'oa nanga New York kwenda kusini kununua vyeti kwa watu ambao bado hawajasikia. Februari 1790 Madison alipendekeza njia ya kati: anayekishika cheti sasa alipwe bei ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa sokoni, na tofauti iliyobaki apewe mwenyewe wa kwanza.

Pendekezo hilo linagusa moyo, na mtu akilisoma leo ni rahisi kumuunga mkono Madison. Ila lilikuwa na tatizo la kiutendaji ambalo Hamilton alilijua vizuri. Vyeti vingi viliandikwa kwa jina la karani au mkandarasi aliyevitoa, si la askari wala mkulima aliyevipokea. Vingine vilipita mikono mingi bila kumbukumbu. Pia, cheti ambacho mnunuzi wake anaweza kunyang'anywa haki yake baada ya kukinunua hakiwezi kutumika kama fedha, na Hamilton alitaka hatifungani hizi zitumike hivyo hasa, kama mtaji wa nchi isiyo na sarafu za kutosha. Bunge la Wawakilishi lilikataa pendekezo la Madison kwa kura 36 dhidi ya 13. Watu wawili walioandika pamoja miaka miwili kabla walikuwa sasa kila mmoja upande wake.

Madeni ya majimbo na mji mkuu

Gurudumu la pili lilikuwa serikali kuu kuyabeba madeni ya majimbo. Massachusetts na South Carolina zilielemewa. Virginia ilikuwa imekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake kwa kuwakamua wananchi wake kodi, na sasa iliambiwa ichangie, kupitia forodha, kulipa la jirani ambaye hakujikaza. Hamilton alikuwa na sababu mbili ambazo Wavirginia waliziona waziwazi. Ya kwanza: wadai wote wakilipwa na serikali moja, wote watataka serikali hiyo iishi. Ya pili: jimbo lisilo na deni halina sababu ya kugombania vyanzo vya kodi na Hazina ya taifa.

Aprili 1790 hoja hiyo ilishindwa kwa kura 31 dhidi ya 29. Juni, Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliwaalika Hamilton na Madison chakulani nyumbani kwake New York. Kwa maelezo ya Jefferson mwenyewe, walikubaliana hivi: Madison hataipigia kura hoja hiyo lakini hataizuia kwa nguvu, na mji mkuu utakaa Philadelphia kwa miaka 10 kisha uhamie kando ya mto Potomac, kusini. Wabunge wanne wa Virginia na Maryland, ambao mto huo uliwahusu, walibadili kura zao, na hoja ikapita kwa ukomo wa dola milioni 21.5. Massachusetts na South Carolina zilitengewa milioni 4 kila moja. Virginia ilitengewa milioni 3.5, ili isitoke na hasara kubwa.

Baadaye Jefferson aliyajutia sana mapatano hayo. Desemba mwaka huohuo Bunge la Virginia lilitoa azimio rasmi la kuipinga sheria.

Benki

Hapa ndipo magurudumu yaliposhikana. Hamilton alitaka Benki ya Marekani yenye mtaji wa dola milioni 10, hisa 25,000 za dola 400 kila moja, na kibali cha miaka 20. Serikali ingechukua hisa 5,000, yaani milioni 2, na kwa kuwa haikuwa nazo ingezikopa kutoka kwa benki yenyewe na kuzilipa kwa awamu 10 za kila mwaka. Hisa zilizobaki, za milioni 8, zingenunuliwa na watu binafsi: robo kwa sarafu za dhahabu au fedha, robo tatu kwa hatifungani za serikali za asilimia 6.

Tafakari maana yake. Anayetaka hisa moja lazima awe na hatifungani za dola 300, kwa hiyo mahitaji ya hatifungani yanapanda na bei yake inapanda nayo. Benki ikishazipata, serikali inailipa riba ambayo ni faida ya uhakika kwa wenye hisa. Kwa mtaji huo benki inatoa noti na kukopesha wafanyabiashara. Wanaagiza bidhaa zaidi. Forodha inakusanya zaidi. Na forodha ndiyo inayolipa riba ya hatifungani. Mduara umefungika. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na katika muda usiozidi miaka miwili uliitoa Marekani katika aibu ya kutolipa hadi hatifungani zake kuuzwa kwa thamani kamili na zaidi.

Lakini tazama nani yumo ndani ya mduara. Benki za wakati ule zilikopesha kwa siku 30 hadi 60, muda unaomtosha mfanyabiashara anayesubiri meli ishushe shehena na mzigo uuzwe. Mkulima wa tumbaku au ngano anahitaji mkopo wa kuanzia kupanda hadi kuvuna na kuuza, karibu mwaka mzima. Kwake benki hiyo haikuwa na dirisha. Alichokiona ni ushuru kwenye chumvi na jembe alilonunua, unaokwenda kumlipa mtu wa Philadelphia au New York mwenye karatasi.

Februari 1791 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada kwa kura 39 dhidi ya 20, na karibu wote waliopinga walitoka majimbo ya kusini. Washington aliomba ushauri wa kisheria kabla ya kutia saini. Jefferson alijibu kwamba Katiba haikuorodhesha mamlaka ya kuanzisha benki, na lisiloorodheshwa limebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Akataja rekebisho la Katiba ambalo wakati huo lilikuwa bado linasubiri kuridhiwa, lile tunalolijua leo kama la 10. Kifungu kinacholiruhusu Bunge kutunga sheria "za lazima" alikisoma kwa ukali: lazima maana yake bila hicho haiwezekani. Hamilton akajibu kwa waraka mrefu kwamba lazima maana yake chenye manufaa na kinachofaa kutimiza kazi iliyokwisha ruhusiwa, kama kukusanya kodi na kukopa. Washington alitia saini Februari 25. Usomaji huu wa aina mbili ulizaliwa katika kuitetea au kuizuia benki, kisha ukageuka kuwa imani ya kila chama.

Hisa zilipotolewa Julai 1791, mnunuzi alilipa dola 25 za mwanzo na kupewa stakabadhi ya haki ya kukamilisha. Zilikwisha ndani ya saa chache. Agosti stakabadhi zilizonunuliwa kwa 25 zilipita 250, kisha zikaporomoka. Machi 1792 ikawa vibaya zaidi: William Duer, aliyewahi kuwa msaidizi wa Hamilton Hazina, alishindwa kulipa mikopo mikubwa aliyoichukua kulangulia hatifungani na hisa, akafungwa jela ya wadaiwa, na watu wengi wa New York waliomkopesha akiba zao wakafilisika. Hamilton alituliza soko kwa kutumia mfuko wa kupunguza deni kununua hatifungani zilipokuwa zinaporomoka. Ilikuwa kazi nzuri ya haraka. Hata hivyo Jefferson alipata ushahidi aliouhitaji, na mwaka huo alimlalamikia Washington kwamba wabunge wenye hatifungani na hisa wanapiga kura kwa maslahi ya mifuko yao.

Wiski

Madeni ya majimbo yalihitaji mapato mapya, na Machi 1791 ukaja ushuru wa pombe kali iliyotengenezwa nchini. Ni rahisi kuudharau ugomvi huu ukidhani ni wa walevi. Magharibi ya Pennsylvania, nyuma ya milima ya Appalachia, wiski ilikuwa ndiyo njia ya kusafirisha nafaka. Farasi mmoja wa mizigo hubeba busheli 4 za shayiri nyekundu; ikigeuzwa wiski, farasi huyohuyo anabeba mazao ya busheli zipatazo 24. Wiski ilitumika hata kulipia vibarua, kwa sababu sarafu hazikuonekana.

Sheria ikadai sarafu. Mtengenezaji wa shamba alitozwa senti 60 kwa mwaka kwa kila galoni ya ujazo wa mtambo wake, au alipe senti 9 kwa kila galoni aliyotengeneza. Kwa mtozo wa ujazo, kiwanda kikubwa cha mashariki kilichofanya kazi usiku na mchana kiligawanya ushuru huo kwenye galoni nyingi, na kila galoni ikabeba kidogo. Mkulima aliyewasha mtambo wiki chache baada ya mavuno alilipa karibu sawa kwa galoni chache. Viwango vilipunguzwa kidogo mwaka 1792, lakini aliyeshtakiwa kwa kutolipa aliendelea kuitwa mahakamani Philadelphia, umbali wa kilometa kama 480, safari ya kuacha shamba kwa wiki nzima na zaidi.

Julai 1794, hati kama hizo zilipokuwa zinagawiwa, watu wenye silaha waliichoma nyumba ya mkaguzi wa ushuru, John Neville. Washington akakusanya wanamgambo wapatao 13,000, na Hamilton mwenyewe akafuatana nao. Hawakukuta jeshi la kupigana nalo. Wawili walihukumiwa kwa uhaini, wakasamehewa. Serikali ilithibitisha kwamba sheria yake inafika milimani, na Wafederalisti wakapoteza kura za milima hiyo kwa muda mrefu.

Uingereza au Ufaransa?

Sera ya nje pia ilikuwa ndani ya mduara ule. Takriban asilimia 90 ya mapato ya serikali yalitoka forodha, na sehemu kubwa ya bidhaa zilizolipiwa forodha zilitoka Uingereza. Madison alitaka tangu 1789 meli za Uingereza zitozwe zaidi ya meli za nchi zenye mkataba wa biashara na Marekani, ili Waingereza walazimike kufungua bandari zao za visiwa vya Karibi. Hamilton aliona hatari moja iliyo wazi: ukigombana kibiashara na Uingereza, ndani ya mwaka mmoja huna fedha za kulipa riba, na jengo lote linaanguka. Aliposimama upande wa amani na Uingereza hakuwa amesukumwa na mapenzi kwa mfalme tu, ingawa aliustahi sana mfumo wao wa fedha.

Wapandaji wa Virginia walikuwa na daftari jingine. Wafanyabiashara wa Uingereza walidai Wamarekani takriban pauni milioni 5, pamoja na riba, madeni ya kabla ya vita, na Virginia peke yake pauni milioni 2.3. Mkataba uliosainiwa na John Jay London mwaka 1794 ulikubali madai hayo yapitiwe na tume, huku ukiwatoa Waingereza kwenye ngome za magharibi lakini bila kuzizuia meli zao za kivita kukamata shehena za Wamarekani. Seneti iliuridhia kwa kura 20 dhidi ya 10, idadi kamili iliyohitajika. Fedha za kuutekeleza zilipita Bunge la Wawakilishi mwezi Aprili 1796 kwa 51 dhidi ya 48. Kura hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba sasa ni vyama: wabunge walikutana pembeni kupanga msimamo, na aliyekaidi aliulizwa na wenzake.

Nje ya Bunge, kazi ya chama ilikuwa ya mikono. Gazeti la John Fenno liliitetea serikali tangu 1789. Oktoba 1791 Philip Freneau alianzisha la upinzani, huku Jefferson akimwajiri kama mfasiri wa wizara kwa dola 250 kwa mwaka. Mwaka 1796 mpiga kura wa Pennsylvania alitakiwa kuleta karatasi yenye majina 15 ya wajumbe wa kumchagua rais, yaliyoandikwa kwa mkono. Nani atayakumbuka majina 15? John Beckley, karani wa Bunge la Wawakilishi, alipanga karatasi ziandikwe kwa maelfu na kusambazwa hadi vijijini. Jefferson alipata kura 14 kati ya 15 za jimbo hilo, ingawa kitaifa John Adams, mgombea wa Wafederalisti, alimshinda kwa 71 dhidi ya 68.

Nani alikuwa upande gani

Usemi kwamba Wafederalisti walikuwa matajiri na Warepublikani maskini haushikiki. Wapandaji wa Virginia walikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi, wenye mamia ya watumwa, na uhuru wa mkulima waliouhubiri ulikalia migongo ya watu hao. Katiba ilihesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti na kura za wajumbe, na wanahistoria wengi wamepiga hesabu kwamba bila kanuni hiyo Jefferson asingeshinda mwaka 1800. Upande mwingine, Charleston ya South Carolina, yenye watumwa wengi pia, ilikuwa na Wafederalisti wenye nguvu, kwa sababu jimbo lao lilikuwa limetuliwa mzigo wa deni. Familia ya Crowninshield ya Salem, wenye meli, walikuwa Warepublikani. Mafundi wa New York na Philadelphia walianza na Hamilton kisha wengi wakahama. Taarifa yake ya Desemba 1791 juu ya viwanda iliwaahidi ruzuku ambazo Bunge halikuzitoa, na ushuru wa forodha ulibaki wa kukusanya mapato kuliko kuzuia bidhaa za Uingereza zilizoshindana nao. Swali linalosaidia zaidi kuliko utajiri ni hili: mtu huyu anaishi kwa mikopo ya muda mfupi na biashara na Uingereza, au anaishi nje ya mzunguko huo?

Mwaka 1798 maandalizi ya vita na Ufaransa yalileta mkopo wa riba ya asilimia 8 na kodi ya moja kwa moja ya dola milioni 2 juu ya nyumba, ardhi na watumwa, pamoja na sheria ya kuwafunga walioikashifu serikali. Wakulima wa Kijerumani wa Pennsylvania, waliokuwa wakiwapigia kura Wafederalisti, waligoma na kuhama. Jefferson akashinda.

Alipoingia madarakani hakuivunja mashine. Waziri wake wa Fedha, Albert Gallatin, aliyetoka kulekule kwenye milima ya wiski, alifuta kodi za ndani mwaka 1802, akapunguza jeshi, na kutenga dola milioni 7.3 kila mwaka kwa deni. Deni likashuka kutoka takriban milioni 83 hadi 57 kufikia 1809, licha ya ununuzi wa eneo la Louisiana kutoka Ufaransa kwa milioni 15. Sehemu kubwa ya bei hiyo, milioni 11.25, ililipwa kwa hatifungani za asilimia 6 ambazo mabenki ya London na Amsterdam yalizipokea bila kusita, kwa sababu ya sifa iliyojengwa tangu 1790. Gallatin aliiona benki kuwa ya manufaa na akaomba kibali chake kiongezwe. Mwaka 1811 Bunge lilikataa: Wawakilishi kwa 65 dhidi ya 64, na Seneti kwa kura ya uamuzi ya Makamu wa Rais George Clinton baada ya sare ya 17 kwa 17. Mwaka uliofuata ikaja vita na Uingereza, na Hazina ikahangaika kukopa bila benki.

Somo hilo liliingia. Mwaka 1816 Madison, sasa Rais, alitia saini benki ya pili, ya mtaji wa milioni 35, na sheria ya ushuru ya kulinda viwanda. Sheria hiyo ilisema kitambaa cha pamba kutoka nje chenye bei chini ya senti 25 kwa yadi kihesabiwe kuwa ni cha senti 25, kisha kitozwe asilimia 25. Kitambaa duni cha India kikafungiwa mlango, na viwanda vya Massachusetts vikakua nyuma ya ukuta huo. Msomaji wa pwani yetu anaijua bidhaa yao: ndiyo merikani, iliyoletwa Unguja na meli za Salem na kuenea bara kwa misafara.

Wafederalisti walimsimamisha mgombea wao wa mwisho wa urais mwaka huohuo, Rufus King, akapata kura 34 dhidi ya 183 za Mrepublikani James Monroe. Lakini zile hatifungani za asilimia 3, zilizotokana na riba ambayo askari na wakulima hawakulipwa, ziliwazidi umri wote wawili, Hamilton aliyefariki 1804 na Jefferson aliyefariki 1826. Zilikuwa bado mikononi mwa watu, wengi wao Ulaya, mwaka 1832, serikali ya Andrew Jackson ilipotaka kuzilipa na kuzifuta. Rais wa benki ya pili, Nicholas Biddle, aliomba malipo yaahirishwe, kisha akamtuma mjumbe London kupanga na wenye hati wasizidai kwanza. Jackson alipogundua alikifanya kitendo hicho kuwa moja ya hoja zake za kuiua benki, na kutoka kwenye vita hivyo ndipo vilipojipanga vyama vilivyofuata.